"Tumeahirisha": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria zinazorudi nyuma baada ya maandamano

Kwa miaka kadhaa nilitafsiri habari za nje, zamu ya usiku, hapa Dar es Salaam. Kazi ile ilinifundisha kuliogopa neno moja: kuahirisha. Serikali ya mbali inasema jambo moja, shirika la habari linaandika la pili, mimi saa tisa usiku naandika la tatu, na asubuhi konda wa Gongo la Mboto anawatangazia abiria la nne: "Wameifuta!" Hawakuifuta. Tangu Juni 2024, Nairobi ilipowaka na kila simu pale kijiweni kwetu Magomeni ikawa na video yake, maswali haya yananijia karibu kila jioni, kahawa ikiwa bado ya moto. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Kuahirisha, kusitisha, kuondoa, kufuta. Si yale yale?

Hapana, na ugomvi wote uko hapo.

Chukua basi la mkoani. Muswada ulioahirishwa ni basi lililosimama Chalinze: injini inaunguruma, abiria wamo ndani, dereva kashuka kula mishikaki na anaweza kupanda wakati wowote. Uliositishwa ni lile ambalo dereva kazima injini, funguo kaweka mfukoni, na hasemi ataondoka lini. Ulioondolewa umerudishwa gereji. Anayetaka kusafiri na basi hilo akate tiketi upya: kusomwa mara ya kwanza, kamati, maoni ya wadau, kusomwa mara ya pili, kila kitu.

Kufuta ni habari nyingine kabisa. Inayofutwa ni sheria iliyokwisha kupita, na kuifuta kunahitaji sheria nyingine au mahakama. Kwa hiyo mtu akikwambia serikali "imefuta muswada", jua hajasoma taarifa yenyewe, au kaisoma akiwa na furaha.

Kuna pia "kuweka kando". Hili ni neno la mkutano na waandishi wa habari. Ukilisikia, subiri msemaji aulizwe: umeondolewa bungeni, ndiyo au hapana?

Kwa nini kila mara unaanza na Hong Kong? Wachina wa kule wanatuhusu nini?

Kwanza, wafanyabiashara wa Kariakoo waendao Guangzhou wanaijua Hong Kong kuliko mimi. Pili, Hong Kong ni miongoni mwa mahali pachache ambapo serikali iliahirisha sheria kwa sababu ya umati, na ambapo tunaweza kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine bado wako katikati ya safari.

Hong Kong ilirudi China Julai 1, 1997, kutoka mikononi mwa Uingereza. Katiba yake ndogo, inayoitwa Sheria ya Msingi, ina ibara ya 23 inayoutaka mji utunge wenyewe sheria dhidi ya uhaini, uchochezi, wizi wa siri za dola na mambo ya aina hiyo. Ilikaa miaka mitano bila kuguswa. Septemba 2002 serikali ya Tung Chee-hwa, kiongozi wa mji, ikatoa waraka wa mapendekezo, na Februari 2003 muswada ukafika kwenye Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka ule ulikuwa wa mikosi. Ugonjwa wa SARS uliua watu 299 mjini humo, bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka na watu waliokopa benki walikuwa wanalipia nyumba zisizofikia thamani ya deni. Juu ya hayo, serikali inaleta sheria ya usalama na kukimbilia kuipitisha. Julai 1, 2003, sikukuu, jua la kupasua kichwa, watu wapatao 500,000 walitoka Victoria Park wakitembea kuelekea makao makuu ya serikali. Mji mzima haukuwa na watu milioni 7.

Siku nne baadaye Tung akalegeza vipengele vitatu, lakini akashikilia kwamba kusomwa mara ya pili, Julai 9, kuko palepale. Hapo sasa sikiliza vizuri, maana wengi wakisimulia hukatiza hapa wakasema umati ulishinda. Usiku wa Julai 6, James Tien, kiongozi wa chama cha Liberal, alijiuzulu kwenye Baraza la Utendaji, yaani baraza la washauri wa Tung. Chama chake kilikuwa cha watu wa biashara, upande wa serikali kabisa. Kilikuwa na viti 8 kati ya 60. Serikali ikapiga hesabu, kura hazikutosha. Julai 7 Tung akatangaza kuahirisha. Regina Ip, aliyekuwa na dhamana ya usalama, akaachia ngazi mwezi huohuo. Septemba 5 muswada ukaondolewa.

Watu nusu milioni walimtisha Tien, na Tien akamtisha Tung. Ukiruka hatua ya katikati hutaelewa kwa nini maandamano mengine makubwa kuliko hayo hayakupata kitu.

Halafu?

Halafu miaka 20 na miezi 8. Machi 8, 2024 sheria ya ibara ya 23 ililetwa tena barazani, ikapita Machi 19 kwa kura 89 za ndiyo bila hata moja ya hapana, na ikaanza kutumika Machi 23. Iliyoshindikana mwaka 2003 ilipita kwa siku kumi na moja.

Mwaka 2019 si serikali ilisitisha haraka? Mbona watu wakaongezeka barabarani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na aliyeniuliza mara ya kwanza alikuwa kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kusikia habari za Tung wala Tien. Akaniuliza kama anayemsuta mtu: "Wamepewa walichotaka, bado wanataka nini?"

Muswada wa 2019 ulianzia kwenye mauaji yaliyotokea Taiwan mwaka 2018. Mtuhumiwa alirudi Hong Kong na hapakuwa na mkataba wa kumpeleka Taiwan. Serikali ya Carrie Lam ikaja na dawa pana kuliko ugonjwa: sheria ya kuruhusu watuhumiwa kupelekwa mahali popote pasipo na mkataba, China bara ikiwemo. Mahakama za bara ndizo watu wa Hong Kong wanazoziogopa.

Juni 9 waandaaji walihesabu zaidi ya watu milioni moja barabarani. Polisi wakasema 240,000. Usiku uleule serikali ikatoa taarifa kwamba kusomwa mara ya pili ni Juni 12 kama ilivyopangwa. Taarifa ile ilikuwa kama kumwagia mafuta jiko la mkaa. Juni 12 watu walilizingira baraza, mabomu ya machozi na risasi za mpira vikatumika, na serikali ikayaita yaliyotokea ghasia. Juni 15, Jumamosi, Bi Lam akatangaza kusitisha.

Akasitisha, hakuondoa. Aliulizwa mara nyingi, akakataa kulitamka neno. Baadaye akaeleza kwamba muswada ungekufa wenyewe muhula wa baraza ukiisha Julai 2020. Kesho yake, Juni 16, waandaaji walihesabu karibu watu milioni 2, katika mji wa watu milioni 7 na nusu. Polisi walisema 338,000.

Watu wale walikuwa na kumbukumbu ya 2003, na walilijua basi lililosimama Chalinze. Tena sasa kulikuwa na majeruhi na waliokamatwa, kwa hiyo dai moja lilikuwa limezaa mengine: muswada uondolewe, neno ghasia lifutwe, waliokamatwa waachiwe, polisi wachunguzwe, na watu wapige kura kuchagua viongozi wao moja kwa moja. Julai 9 Bi Lam alisema muswada "umekufa". Mtu aliyekufa hutolewa cheti cha kifo, hiki hakikutolewa. Septemba 4 hatimaye alitangaza kuuondoa, na Oktoba 23 ukaondolewa rasmi barazani. Neno lile lingetosha kama angelitamka Juni. Septemba lilikuwa limechelewa, halikumrudisha mtu nyumbani.

Kwa hiyo walishinda au walishindwa?

Muswada ule waliuua. Mwezi Novemba 2019 wapinzani wakachukua mabaraza 17 kati ya 18 ya wilaya. Juni 30, 2020 Beijing ikaweka sheria yake ya usalama wa taifa moja kwa moja, bila kupitia baraza la Hong Kong. Mwaka 2021 mfumo wa uchaguzi ukabadilishwa: viti 90, na vinavyochaguliwa na wananchi moja kwa moja ni 20 tu. Ndiyo maana 2024 hapakuwa na James Tien wa kuhesabu kura nane.

Jibu la kumpa mtu ushindi au kushindwa silitoi. Kijiweni wananiita mwoga kwa hilo.

Ile ya Georgia ya Wamarekani?

Georgia hii ni nchi, iko Caucasus, mji mkuu wake Tbilisi. Hili nalirudia kila wiki.

Machi 7, 2023 bunge lao lilipitisha hatua ya kwanza muswada wa kuyataka mashirika na vyombo vya habari vinavyopata zaidi ya asilimia 20 ya fedha kutoka nje yajiandikishe kama "mawakala wa ushawishi wa kigeni". Siku mbili usiku watu wakalizingira bunge. Machi 9 chama tawala kikasema kinauondoa, na Machi 10 ukapigiwa kura ya kukataliwa. Safi kabisa, kwa kanuni zote: basi gereji.

Aprili 2024 chama kilekile kikaurudisha. Neno "mawakala" likatolewa, wakaandika mashirika "yanayobeba maslahi ya nchi ya kigeni". Yaliyobaki yalikuwa karibu yaleyale. Maandamano yakarudi, makubwa zaidi. Mei 14 ukapita, Rais Salome Zourabichvili akaukataa kwa kura ya turufu, na Mei 28 wabunge wakaipindua turufu yake.

Kwa hiyo hata kuondoa si kaburi. Ila kunawapa watu mwaka mmoja, na mwaka si haba.

Na Kenya? Ruto aliahirisha, aliondoa, au alifuta?

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na hapa niliwahi kukosea hadharani, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Muswada wa Fedha wa 2024 ulikusudiwa kuongeza mapato kwa takriban shilingi za Kenya bilioni 346. Ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na tozo ya mazingira iliyogusa hadi nepi na taulo za kike. Juni 18 vijana walitoka, na siku ileile serikali ikaondoa baadhi ya vipengele, mkate na magari vikiwemo. Vijana wakasema hatutaki kipande, tunataka wote uondoke. Juni 25 wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakaingia bungeni, na polisi wakafyatua risasi za moto. Tume ya taifa ya haki za binadamu ya Kenya ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa katika maandamano ya Juni na Julai.

Juni 26 Rais Ruto akasema hasaini. Lakini chini ya ibara ya 115 ya katiba yao, kutosaini peke yake hakutoshi. Muswada ukikaa siku 14 bila saini wala kurudishwa, unakuwa sheria. Kwa hiyo aliurudisha bungeni na waraka unaopendekeza kila kifungu kifutwe, cha kwanza mpaka cha mwisho. Nyumba ikabaki na mlango na namba, ndani hamna kitu. Ni ujanja wa kikatiba nisiowahi kuuona ukitumika kwa ukubwa ule.

Nilipoandika "amefuta muswada", mzee mmoja mwanasheria alinipigia simu asubuhi na mapema. Sitarudia alichoniambia.

Zile kodi hazikurudi?

Baadhi zilirudi. Desemba 11, 2024 Ruto alisaini sheria za marekebisho ya kodi, na ndani yake kulikuwa na mambo yaliyokuwemo kwenye muswada ule, kama kodi ya kampuni za nje zinazopata pesa Kenya kwa njia ya mtandao. Mkate haukurudi. Kama una shughuli ya kuuza bidhaa mpakani Namanga au Holili, soma sheria ya Desemba badala ya kuukumbuka ushindi wa Juni.

Kwetu Rais akikataa kusaini inakuwaje?

Ibara ya 97 ya Katiba yetu. Rais akiukataa muswada, anaurudisha bungeni na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwa theluthi mbili hizo, Rais ana siku 21: akubali au alivunje Bunge. Ukiisoma ibara ile taratibu utaona ni kama kamba ya kuvutana ambayo pande zote mbili zimefungwa kiunoni. Nadhani ndiyo maana mambo hayafiki huko. Muswada wenye kelele hutengenezwa kabla, kwenye kamati au ndani ya chama.

Maandamano yamewahi kuahirisha muswada hapa?

Maandamano ya barabarani dhidi ya muswada tuliyaona Dar es Salaam Januari 24, 2024. Chadema waliandamana mpaka ofisi za Umoja wa Mataifa, na moja ya madai yao ilikuwa miswada ya uchaguzi iondolewe bungeni. Polisi waliyaruhusu. Mimi nilikuwa kwenye daladala lililokwama, nikashuka nikatembea, kwa hiyo kwa namna fulani niliandamana. Februari Bunge likaipitisha miswada ile.

Kwetu kinachorudisha sheria nyuma ni manung'uniko. Ofisini, kwa wakala wa fedha, kwenye foleni ya mwendokasi, WhatsApp ya familia. Visa viwili vikubwa vinaonyesha.

Cha kwanza ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikasema mstaafu apewe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, iliyobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Walimu na watumishi waliokuwa wamezoea asilimia 50 walipigwa na butwaa. Mtu kapanga kumalizia nyumba Chanika kwa nusu ile, mabati kashaagiza. Hakuna aliyefunga barabara, lakini hapakuwa na harusi wala msiba usiokuwa na mazungumzo ya kikokotoo. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli aliwaita Ikulu viongozi wa vyama vya wafanyakazi na mifuko, akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito hadi 2023.

Angalia basi: injini haikuzimwa, na tarehe ya kuondoka ikatajwa. Watu walisherehekea kama imefutwa. Kanuni mpya ikaanza Julai 1, 2022, kabla hata ya mwaka uliotajwa, safari hii ikiwa asilimia 33 baada ya mazungumzo na vyama vya wafanyakazi. Kelele zikaanza upya, na katika bajeti ya 2024 serikali ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50.

Cha pili ni tozo za miamala ya simu. Zilianza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Nakumbuka wakala wangu wa Magomeni alikuwa anafundisha watu hesabu bure, maana kila mteja alidhani kaibiwa na yeye. Ndani ya siku chache Rais Samia akaagiza ziangaliwe upya, na Septemba zikapungua kwa asilimia 30. Mwaka 2022 zikagusa na miamala ya benki, watu wakapiga kelele tena, na Oktoba zikapunguzwa tena.

Lakini tofauti moja ni muhimu. Viwango vya tozo vilikuwa kwenye kanuni, si ndani ya sheria mama. Waziri anaweza kubadilisha kanuni kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali bila kuitisha Bunge Dodoma. Ndiyo maana zilipungua haraka. Vilevile ndiyo maana zinaweza kupanda haraka.

Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliahirishwa au iliondolewa?

Iliahirishwa. Ilikuwa ifanyike Aprili 30, 2015. Mapema mwezi huo Tume ya Uchaguzi ikasema uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, haujakamilika. Maandamano hayakuhusika. Nimeiweka hapa kwa sababu kila nikieleza maana ya kuahirisha, lazima mtu mmoja acheke na kuitaja.

Kinachoiogopesha serikali ni wingi wa watu?

Wingi unasaidia, ila ukisoma visa hivi utaona kila mara kuna mtu wa ndani aliyeyumba. Israel mwaka 2023 watu waliandamana kila Jumamosi tangu Januari kupinga mpango wa kupunguza nguvu za mahakama. Serikali haikutikisika. Machi 26 Waziri Mkuu Netanyahu akamfukuza waziri wake wa ulinzi, Yoav Gallant, kwa kusema mpango usimamishwe. Usiku ule barabara zikajaa, asubuhi shirikisho la wafanyakazi likatangaza mgomo, ndege zikaacha kuruka uwanja wa Ben Gurion. Jioni ya Machi 27 Netanyahu akasimamisha mpango mpaka kikao cha bunge baada ya Pasaka. Wiki kumi na mbili za watu barabarani, na siku moja ya ndege kutoruka.

Julai wakapitisha kipande kimoja kwa kura 64 kwa 0, wapinzani wakiwa wametoka. Januari 1, 2024 Mahakama ya Juu ikakibatilisha kwa majaji 8 dhidi ya 7. Na Machi 27, 2025, miaka miwili kamili tangu siku ile ya kusimamisha, bunge likapitisha sheria ya kubadili namna majaji wanavyochaguliwa, ianze kutumika bunge lijalo.

Tarehe ileile. Sijui kama kuna aliyeiangalia kalenda.

Sheria ikishasainiwa, serikali inaweza kusema "msiitumie kwanza"?

Ufaransa walifanya hivyo. Mwaka 2006 walipitisha sheria ya kuruhusu mwajiri kumwachisha kazi kijana wa chini ya miaka 26 ndani ya miaka miwili ya kwanza bila kutoa sababu. Wanafunzi na wafanyakazi wakajaa mitaani. Machi 31 Rais Chirac akatangaza kwamba ataisaini, na papo hapo akaomba isitumike. Wafaransa wenyewe walicheka. Aprili 10 ikatangazwa kwamba kifungu kile kitabadilishwa.

Idadi za waandamanaji zinapishana sana. Tuamini ya nani?

Andika zote mbili na useme nani kahesabu. Mhariri wangu wa zamani alikuwa akizijumlisha na kugawa kwa mbili. Usifanye hivyo.

Mtu wa kawaida atafuatiliaje muswada ulioahirishwa?

Usifuatilie jina. Georgia ilibadili jina. Fuatilia kifungu: chukua sentensi moja iliyokuumiza, iandike mahali, kila bajeti na kila "sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali" ikija, itafute humo. Hizi sheria za marekebisho mbalimbali ndizo kabati la jikoni, kila kitu kinaingia.

Ukiona neno "hati ya dharura", acha unachofanya. Maana yake muswada utapita hatua zake kwa haraka na muda wa wadau kutoa maoni utakuwa finyu. Miswada huchapishwa na huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili au Kiingereza, na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimepungua nguvu.

Na kama umesikia "tumeahirisha", uliza mpaka lini, na nani mwenye funguo.

Kikokotoo kitarudi asilimia 50?

Anayeuliza ni mwalimu mstaafu, anakaa Tandika, anauliza kila Ijumaa baada ya swala. Mara ya mwisho alikuja na kipande cha gazeti ambapo kiongozi fulani alisema suala hilo "linaangaliwa". Nikamwagizia kahawa, nikamrudisha kwenye swali la kwanza.